Noeli Nyeupe ya Marie-Jeanne

Wateja wa duka la dawa karibu na Porte de Namur, Brussels, hawakumwita muuzaji wao kwa jina lake. Walimwita Maman Neige, Mama Theluji. Mtu aliingia na karatasi ya daktari, akaiweka mezani, na kabla hata ya kuuliza kama dawa ipo alitaka kujua kama kesho avae buti au viatu vya kawaida. Marie-Jeanne alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimuuliza habari za nyumbani alijibu nzuri, ukimuuliza habari za mume alijibu kwamba hayo yalikwisha zamani, na mazungumzo yakafia hapo. Lakini ukimuuliza juu ya theluji, uso wake ulifunguka. Aliinamisha kichwa upande, akaeleza upepo unatoka wapi, baridi imekaa wapi, na kwa nini mvua ya leo haitageuka kuwa kitu kingine. Aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi alitoka akiwa na habari za anga la Greenland.

Alizaliwa Likasi, mji wa Kiafrika usiojua theluji, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa kwanza wa mama yake. Alikuja Brussels kusoma mwishoni mwa miaka ya tisini, akaolewa, akazaa binti mmoja, Océane, akaachika, akabaki. Theluji ya kwanza aliyokutana nayo ilimwangusha kwenye ngazi za metro na kumvunja mkono. Maumivu aliyavumilia. Kilichomuudhi ni kwamba kila mtu aliyempita pale ngazini alikuwa na viatu vya kufaa, kana kwamba mji mzima ulipewa habari jana yake naye peke yake akasahauliwa. Aliapa kwamba hatashtukizwa tena, na mkono ukiwa bado kwenye plasta akaanza kusoma.

Kwenye mtandao aligundua kwamba ramani wanazozitazama watabiri wa televisheni zimewekwa wazi kwa yeyote anayezitaka. Zinatengenezwa na kompyuta kubwa, nyingine Marekani, nyingine Uingereza, na mara kadhaa kwa siku hutoka toleo jipya linalobomoa yaliyosemwa na toleo lililotangulia. Aligundua pia kwamba Ubelgiji ina watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao huyangoja matoleo hayo kama wengine wanavyongoja matokeo ya mpira. Walikuwa na jukwaa lao la kuandikiana. Marie-Jeanne aliyasoma maandishi yao kwa muda mrefu bila kuandika neno. Siku moja hakuweza kujizuia, akaandika sentensi mbili kumsahihisha mtu juu ya upepo wa kaskazini-mashariki, akajiita Likasi. Kwa vile hakuna aliyejua Likasi ni nini, walidhani ni mwanamume wa Kifini.

Mzee aliyeanzisha jukwaa hilo alikuwa Ghislain, mwalimu mstaafu wa jiografia, na ikatokea kwamba alikaa Berchem-Sainte-Agathe, mitaa michache tu kutoka jengo la ghorofa alimokaa Marie-Jeanne. Kila Desemba, Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, wanachama walikutana kwenye mkahawa mmoja wa Berchem kwa jambo moja. Kila mtu alisimama na kutaja, kwa asilimia, uwezekano wa Noeli nyeupe. Noeli nyeupe kwao ilikuwa na sheria: asubuhi ya tarehe ishirini na tano, kwenye bustani ya Ghislain, lisionekane hata jani moja la nyasi. Aliyekosea kuliko wote alileta cougnou mwaka uliofuata, ule mkate mtamu wa Noeli unaofinyangwa kwa umbo la mtoto mchanga, nao waliula wakimcheka mbele yake.

Mara ya kwanza Marie-Jeanne alipoingia mkahawani, wanaume wale wenye masweta waliangalia nyuma yake kuona Mfini yuko wapi. Alipofungua mdomo wakanyamaza, na hawakunyamaza kwa adabu. Walisikiliza. Katika mji ule alikuwa amezoea kusikilizwa kama mgeni, kama mtu anayepewa muda kidogo ili amalize. Mkahawani aliulizwa na akapingwa, akapinga naye, mpaka kahawa ikapoa. Mwaka mzima alikuwa akisubiri Jumamosi hiyo.

Kikundi kilikuwa na jina la ugonjwa wao. Waliuita kuchagua ramani. Mtu anayetaka theluji sana hupitia ramani ishirini. Kumi na tisa zinasema mvua, moja inasema theluji, naye anaikumbatia hiyo moja na kuzijengea hoja zile nyingine kwa nini zimekosea. Ghislain alikuwa akiwaambia wageni kwamba anga halina habari na tamaa ya mtu yeyote. Marie-Jeanne mwenyewe alikuwa akiwaonya wapya, kwa upole, juu ya ugonjwa huo.

Lakini mwaka 2009 ugonjwa ulimpata yeye. Theluji ilianguka vizuri siku chache kabla ya Noeli, naye akawaahidi wateja wake wote, na kwaya ya parokia, na watu wa saluni ya jirani, kwamba mara hii itakaa. Mkesha wa Noeli mvua ikanyesha na kuiosha yote mpaka kwenye mitaro. Januari nzima watu waliingia dukani wakiwa na mwavuli wazi. Mmoja alimuuliza kama dawa anazouza nazo huyeyuka.

Kwao Likasi walimcheka pia, ila kwa upendo. Alikuwa akiwatumia picha kila majira ya baridi: magari yaliyofunikwa, Océane na kofia yake, miti ya Berchem kama iliyopakwa chokaa. Mama yake hakuwa amewahi kuiona theluji, na hakuelewa mtu mwenye akili anaitakia nini. Lakini mtoto wake alikuwa akimwambia kwenye simu, kwa nusu mzaha, "Maman, uniombee ianguke ku Noeli." Basi mama aliiombea. Berthe, mdogo wake Marie-Jeanne, alisimulia kwamba katika rozari ya jioni, baada ya wagonjwa na marehemu, mama alikuwa akiongeza nia moja kwa ajili ya neige ya Marie-Jeanne, na jirani aliyekuja kusali naye alikuwa akiitikia bila kujua anachokiitikia.

Mwanzoni mwa Desemba 2010 Berthe alimpigia dada yake simu, akimwita Yaya kama kwao anavyoitwa dada mkubwa, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Yaya, maman hayiko bien. Docteur anasema ni moyo njo inachoka. Ukuye mbio. Usingojee le vingt."

Marie-Jeanne tayari alikuwa na tiketi ya Jumatatu, tarehe ishirini, aliyoinunua tangu kiangazi ili Noeli awe nyumbani. Tiketi ingeweza kubadilishwa aondoke siku kadhaa mapema. Aliuliza maswali mengi: mama anakula, anaongea, anaamka? Berthe alisema anakula kidogo, anaongea, jana alikaa barazani. Marie-Jeanne akasema basi tarehe ishirini si mbali. Alitaja zamu za dukani, alitaja mitihani ya Océane, na yote yalikuwa kweli. Hakutaja Jumamosi. Hakujitajia hata mwenyewe.

Kuhusu anga hakuwa na hofu. Tangu katikati ya mwezi baadhi ya ramani zilionyesha baridi kubwa ikishuka, na jukwaani watu walianza kupandwa na wazimu. Lakini yeye aliyeungua mwaka uliopita aliona ameshapona. Aliandika kwamba baridi hii itavunjika kama ile ya mwaka jana, na kwamba wakubwa hawachezewi mara mbili. Jumamosi mkahawani aliinuka na kutaja asilimia thelathini, chini kuliko wote. Nje ya dirisha theluji tayari ilikuwa imelala kwenye vibaraza. Ghislain alimtazama juu ya miwani, akasema taratibu kwamba kuna njia mbili za kuchagua ramani, na kuogopa ni mojawapo. Walicheka, naye akacheka. Baadaye aliikumbuka jioni ile, joto la mkahawa na mkono wa Ghislain ukimpokea koti, na jinsi alivyokuwa na furaha. Aibu yake ilianzia kwenye furaha hiyo.

Jumapili asubuhi, wakati yeye na Océane wakivaa kwenda misani, simu ililia. Alikuwa Constant, kaka yao mdogo. Hakusalimia. Alisema maman ametuacha, alfajiri, akiwa amelala, Berthe alikuwa kando yake. Nyuma yake Marie-Jeanne akasikia watu wanawasili uani kwao, wanawake wakilia tangu langoni kama inavyotakiwa.  Alisema tu, kesho niko mu ndege. Aliyasema mara mbili. Dirishani, theluji ilikuwa ikianguka kwa wingi, bila upepo, chembe kubwa zinazoshuka wima, aina ile ambayo siku nyingine yoyote ingemtoa nje bila kofia.

Jumatatu alifika uwanja wa ndege mapema. Ubao wa safari ulikuwa na neno moja, imefutwa, limerudiwa kutoka juu hadi chini. Watu walikuwa wamelala juu ya mabegi, watoto wanalia, wafanyakazi wanaeleza kwa lugha zote kwamba ndege haziwezi kuondoka mabawa yakiwa na barafu. Alisimama kwenye foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Msichana wa kaunta, mwenye macho mekundu, alimwambia anaweza kumwandika Jumatano, akipenda kujaribu. Baada ya hapo hakuna kiti mpaka Noeli iishe. Aliporudi nyumbani na sanduku lake, Océane alimvua viatu kama mtu anavyomvua mtoto.

Kuna desturi katika familia yao ambayo ilikuwa ikimngoja. Jeneza la mzazi halifungwi kabla mtoto wa kwanza hajaona uso. Akiwa mbali asikoweza kufika, ni lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe, ukoo ukisikia, kwamba lifungwe. Hakuna mwingine wa kulisema neno hilo, hata kama ni mjomba mwenye mvi. Mama yake alipofiwa na mama yake mwenyewe walimngoja siku nyingi atoke Kolwezi, njia zikiwa mbovu, na alikuwa akisimulia kisa hicho kwa fahari: waliningojea.

Kwa hiyo jioni ile Constant alipopiga, simu ilikuwa imewekwa sauti ya wazi katikati ya wazee. Alieleza kwamba daktari wa mochari amewaonya. Umeme unakatika kila siku, jenereta haina nguvu, na joto la mvua limezidi.

"Yaya, bantu banauliza utafika siku gani. Tupange misa."

Marie-Jeanne aliwaeleza habari za theluji na ndege. Sauti ya mzee mmoja, nyuma, ikasema kwa kunong'ona kunakosikika kwamba wa Ulaya hawakosi kisingizio. Constant hakumkanusha. Alipoongea tena alikuwa kama mtu anayebeba kitu kizito kwa ajili ya wengine.

"Miaka yote ulikuwa unatutumia ba photos. Maman alikuwa anaiombea mu rosaire yake, kila siku, juu yako. Bon, imeanguka. Sasa unatuambia njo inakufunga mu nyumba."

 Aliomba wampe muda kidogo, atawapigia.

Akafungua kompyuta. Toleo jipya lilikuwa limetoka, na hakuliangalia kama alivyokuwa akiyaangalia mengine yote.  Ramani ya kwanza ilionyesha theluji tena tangu Jumatano alfajiri. Ya pili hivyo hivyo. Aliendelea kufungua moja baada ya nyingine, matoleo madogo madogo ambayo watu wa jukwaa huyatumia kupima shaka, mpaka akafika kwenye moja iliyoacha upenyo: Jumatano nzima anga kavu juu ya Brussels, theluji ikisukumwa kusini, kuelekea Ufaransa. Aliitazama sana. Akaanza kuiona ina akili kuliko zile nyingine. Akajipa sababu, sababu nzuri, za kitaalamu, juu ya upepo wa juu na njia ya kimbunga kidogo kilichokuwa baharini. Kama mtu mpya angeziandika sababu hizo jukwaani, yeye angekuwa wa kwanza kumjibu kwa upole.

Akapiga simu Likasi. "Mercredi nitakuwa mu ndege," alisema. "Mungojee. Nimeona kwa macho yangu, mercredi anga itakuwa safi."

Wakamngoja. Wazee walikubaliana, misa ikawekwa Ijumaa, mtu akatumwa kununua barafu ya kupeleka mochari.

Jumanne alikwenda kituo cha treni cha Gare du Midi kuuliza kama angeweza kupitia Paris, akakuta foleni imetoka nje ya milango, na watu wanaotoka huko wakisema Paris nako ni vilevile. Alikuwa bado amesimama pale, sanduku kati ya miguu, wakati Ghislain alipompigia. Alikuwa amesikia msiba kwa Océane. Alitoa pole kwa maneno mafupi ya mtu ambaye naye amezika wake. Kisha akauliza atasafiri lini, naye akamwambia Jumatano, akamweleza juu ya ule upenyo. 

"Marie-Jeanne," alisema, "ni ramani ngapi zinaonyesha hivyo?"

Alijibu kwamba iko moja iliyo wazi sana.

"Moja."

"Ndiyo, Monsieur Ghislain. Moja."

Hakumhubiria. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba yeye, mke wake alipokuwa hospitalini, alisoma matokeo ya vipimo kwa namna hiyo hiyo, na mpaka leo hajui kama alimsaidia au alimnyima muda wa kuaga. Marie-Jeanne alimshukuru, akakata simu. Alijua ni kweli. Alikuwa amejua tangu jana. Hata hivyo hakuwapigia wa Likasi, kwa sababu Jumatano ilikuwa bado haijafika, na kitu ambacho hakijafika mtu anaweza kukishikilia kidogo.

Jumatano alfajiri theluji ikaanguka. Haikuwa nyingi. Alikwenda uwanjani hivyo hivyo, akakaa karibu na lango siku nzima. Ndege chache ziliondoka, na kila moja ilipoinuka watu walipiga makofi kama kanisani. Ya kwake haikuwa kati ya hizo. Alasiri walimrudishia sanduku.

Constant alipiga jioni, Marie-Jeanne akiwa ameketi jikoni na koti mwilini. Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, mpaka ikabidi aongee kwa kupaza sauti, na bado hakuonekana kama anayegomba. Alikuwa amechoka. Alieleza kwamba umeme umekatika tangu jana. Barafu waliyoinunua imekwisha. Wanawake waliokwenda kumvalisha mama walirudi wakiwa wamejifunika pua kwa vitenge, na Berthe ameugua, hataki kuongea na mtu. Ukoo wote uko hapa, alisema, wanasikia.

Océane alikuwa amesimama mlangoni. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, na toleo la jioni lilikuwa limetoka.

"Ndege ingine iko?" Constant aliuliza.

"Banasema vendredi, labda. Kiti kimoja, kama muntu hatafika."

"Yaya, usiniambie ile unapenda. Niambie ile unaona."

Marie-Jeanne akavuta kompyuta karibu. Alipitia ramani zote, bila kuruka, kama alivyokuwa akiwafundisha wengine. Zote zilisema jambo moja: kimbunga kidogo kinatoka baharini, kitaingia usiku wa Alhamisi, na Ijumaa, mkesha wa Noeli, theluji itaanguka Brussels kutwa. Hakuna hata moja iliyoacha upenyo. Alitafuta moyoni mwake ile hamu ya zamani, hamu ya miaka yote, akaona haipo tena, imebaki nafasi yake tu.

"Vendredi itaanguka tena," alisema. "Itaanguka siku nzima. Sitafika."

Mvua ya Likasi iliendelea. Constant alimwambia kwa upole, upole ambao hakuwa ameutumia tangu Jumapili, kwamba basi ni lazima aseme. Marie-Jeanne alisimama, kwa sababu aliona jambo hilo mtu hawezi kulisema akiwa amekaa. Aliwasalimia wazee. Aliomba msamaha kwamba aliwaambia wangoje. Alisema aliona anga safi pasipo na anga safi. Kisha akasema:

"Mumufunge. Mumuzike maman kesho. Mi mutoto wake wa kwanza, nimesema."

Mzee yule yule wa juzi aliitikia, "Tumesikia." Wengine wakaitikia nyuma yake, mmoja mmoja, na mwisho kabisa, kutoka mbali, sauti ya Berthe.

Alhamisi wakati wa maziko Constant aliacha simu wazi mfukoni mwa shati lake, ili dada yake asikie. Hakusikia mengi. Alisikia mvua, nyimbo zikikatikakatika, padri akiharakishwa na maji, kisha mtu mmoja akilalamika kwamba kaburi linajaa. Kisha salio likaisha.

Ijumaa theluji ilianguka kutwa, kama alivyosema. Noeli asubuhi Berchem yote ilikuwa nyeupe, kimya, na jukwaani watu waliandikiana kama waliorudi utotoni. Ilikuwa Noeli nyeupe waliyoingoja miaka. Wateja wake walimtumia ujumbe: Maman Neige, hatimaye umeshinda. Hawakujua. Alizima simu. Mchana Ghislain alikuja kwa miguu, theluji hadi kwenye vifundo, na cougnou iliyofungwa katika taulo. Alisimama kwenye korido, kofia mkononi, akakataa kuingia, akampa Océane ule mkate, akaondoka bila kusema lolote juu ya bustani yake.

Mwishoni mwa Januari, barabara zilipokuwa kavu na ndege zinaondoka kama basi, Marie-Jeanne alisafiri. Likasi mvua zilikuwa bado zinanyesha. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Walimpikia, wakampa kiti cha mama, wakamwita Yaya kama kawaida. Ila mazungumzo yalipunguka alipoingia chumbani, na Berthe alikuwa akimjibu akitazama kitu kingine. Hakuna aliyemsimulia siku zile za mochari, naye hakuthubutu kuuliza.

Aliyempeleka makaburini alikuwa tantine Viviane, mdogo wake mama, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu. Walitembea polepole kati ya misalaba mipya, kandambili zikinasa kwenye tope jekundu. Kaburi lilikuwa limedidimia upande mmoja. Marie-Jeanne alipiga magoti, akajaribu kurudisha udongo kwa mikono, na udongo ukawa unateleza na kurudi pale pale. Tantine alimwacha afanye hivyo mpaka alipochoka.

Kisha akamuuliza, kama mtu aliyekuwa na swali hilo siku nyingi na akakosa wa kumuuliza.

"Mwana, hii neige iko kitu ya namna gani? Iko na uzito? Inakamata muntu?"

Marie-Jeanne, ambaye angeweza kuongea juu ya jambo hilo tangu asubuhi hadi jioni, ambaye wanaume wa Berchem walimwachia kahawa ipoe ili wamsikilize, alitafuta namna ya kueleza. Alifikiria mabawa na barafu, tabaka za hewa, upepo wa kaskazini-mashariki. Akamwangalia yule mama aliyefanana na mama yake kuanzia kwenye nyusi hadi kidevu, akiwa amesimama na mwavuli uliovunjika ubavu, akingoja kwa dhati apewe sababu ambayo angeweza kurudi nayo nyumbani na kuwaambia wengine.

"Ni mayi, tantine," alisema.

"Mayi?"

"Mayi tu. Yenye baridi."

Tantine Viviane hakukasirika. Aliitazama mikono ya Marie-Jeanne iliyojaa tope, akalitazama kaburi, na maji yaliyokuwa yakikusanyika juu yake.

"Bon," alisema. "Na sisi tulimuzika mu mayi."

Akamnyooshea mkono, akamwinua, wakarudi njia waliyojia, mwavuli ukimkinga mmoja tu kati yao, na kila mmoja akimsukumia mwenzake.